Mzee wa Wino

Wino uliokauka kabla babu yake hajazaliwa ulimwachia fundi doa bichi kidoleni. Alikuwa mwanamke wa kukarabati picha kuukuu, na kazi hii aliileta nyumbani ili awe karibu na mumewe, kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Vituko. Akanawa kwa sabuni, akajiambia ni unyevu tu.

Picha yenyewe ilikuwa ya mzee mnene aliyechorwa kwa mistari michache ya haraka: mgongo umepinda, mikono iko nyuma, mdomo umekaa upande.

"Ana huzuni huyu," fundi alisema. "Tazama mabega."

"Mabega yanakudanganya. Tazama tumbo lilivyotangulia, na miguu inalifuata shingo upande. Huyu kala chakula cha wageni, sasa anajifanya anamtafuta paka."

Vituko akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mkewe naye akacheka, maana kicheko cha mume wake ndicho kilichomfanya aolewe naye.

Tangu hapo, kila akitoka kazini Vituko aliingia kwanza chumba cha picha, akamsimulia mzee vichekesho vya siku nzima. Nyumba ikaanza kunuka wino mbichi, hata mito ya kulalia. Mteja mmoja wa Vituko akamsimamisha fundi njiani. "Shemeji, mumeo anaumwa? Ananyoa kimya kama anayeosha maiti."

Mchana mmoja, Vituko akiwa kazini, fundi alisikia kicheko cha mumewe chumbani, kilekile, chenye kukoroma kidogo mwishoni, akafurahi kwamba karudi mapema, akafuta mikono, akaenda mbio akisema, "Na mimi nichekeshe," akausukuma mlango, na hapakuwa na mtu, ila harufu ile ilimpiga usoni, na yule mzee karatasini mgongo wake ulikuwa umenyooka, mashavu yamejaa, wino wa midomo unameta kama mate, na kicheko cha mumewe kikaendelea kutoka hapo, taratibu, kama cha mtu anayeshiba.

Jioni ileile akamleta mganga, bibi wa maneno machache. Bibi aliitazama picha muda mrefu.

"Aliyechora alimjua jini huyu," akanong'ona. "Nyinyi mlibishana kama ana huzuni au anachekesha. Mdomo huu unameza."

"Mtoe, bibi, nakuomba."

"Nitamtoa. Ila alichokwisha kula ataondoka nacho. Nikimwacha, atammaliza mumeo mzima."

Fundi akamtazama Vituko, aliyekaa kitini kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa.

Bibi akafukiza, akasoma, akaita. Karatasi ikatetemeka bila upepo, mistari ikajikusanya, ikachuruzika, ikatoweka. Kicheko kikatoka nje kupitia dirishani, kikapita juu ya barabara. Fundi akakikimbilia, akashika nondo za dirisha, akakisikiliza mpaka kikafifia kabisa.

Vituko akapona. Anakula, ananyoa, anamsalimia kila mtu. Siku moja majirani walikuwa barazani wakicheka hadi wanaegemeana. Yeye aliwatazama kwa makini, kisha akamgeukia mkewe, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeona haya:

"Mke wangu, wakifanya vile, huwa wanasikia nini?"