Anayeita Kutoka Mwambani

Alama ile ilikuwa mahali ambapo hapajawahi kuwa na njia.

Ghislaine Roucayrol aliiona asubuhi moja ya mwezi wa tisa, akiwa anafyeka miiba kwenye njia ya watembezi inayotoka lango la chini la Puyvaillac na kuuzunguka mwamba ambao kijiji chetu kimeukalia. Ulikuwa mstari wa njano, upana wa kiganja, kwenye gome la mwaloni. Pale njia hupinda kulia. Mstari ulielekeza kushoto, na kushoto kuna vichaka, kisha mteremko wa changarawe, kisha hewa tupu, na chini kabisa kidimbwi cheusi cha chemchemi ambacho hata mbuzi hawanywi maji yake.

Akaugusa. Rangi ilikuwa mbichi, ikamganda kidoleni.

Mchora alama za kuwaongoza watembezi kwenye njia zetu alikuwa mmoja tu, Firmin, mume wa Ghislaine, na Firmin tulikuwa tumemzika nyuma ya kanisa mwishoni mwa majira ya baridi. Kifua kilimmaliza. Kazi yake ilibaki kwa mjane. Kopo na brashi vilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake. Hata hivyo mkono uliochora mstari ule aliujua. Firmin alikuwa na mazoea ya kuinua brashi kabla hajamaliza, mstari ukaishia na mkia mwembamba kama wa panya. Mkia ulikuwepo.

Aliukwangua kwa kisu, akajiambia ni mzaha wa mtembezi fulani. Kesho yake ulikuwa umerudi, na mwingine umeongezeka mbele yake, ndani zaidi ya vichaka.

Hakumwambia mtu, na hasa hakumwambia mama mkwe wake. Eudoxie alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye magoti mabovu na ulimi usiougua kamwe. Waliishi wawili katika nyumba nyembamba ya mawe iliyoegemea ukuta wa kale wa kijiji. Vyumba vya juu vililaza watembezi, na chini ulilala uhasama wao. Firmin alipokuwa hai alisimama katikati. Alipoondoka walibaki wakitazamana mezani, na kizee hakukosa la kusema.

"Supu hii umeipika," aliuliza jioni hiyo, "au umenawia?"

Ghislaine akaendelea kula. Mawazo yake yalikuwa kwenye mwaloni.

Siku chache baadaye, mchana, mvua ikiwa imekatika na ukungu unapanda kutoka bondeni, alikuwa palepale na kisu chake aliposikia mtu akikohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, cha kusafisha koo, kile ambacho Firmin alikitoa kila alipotaka kuanza kusema. Kisha ikaja sauti, ya chini, kutoka kushoto.

"Gigi."

Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo. Mtu mwenye busara angejifanyia ishara ya msalaba na kurudi nyumbani. Lakini mwanamke huyu alikuwa amelala peke yake tangu majira ya baridi, na moyo ulimyeyuka kama siagi kwenye kikaango. Akaitika.

"Nipo."

Hapo kile kilichoita kikawa kimekaribishwa.

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia nyumbani. Ilikuwa ya rangi mbichi juu, na chini yake ya tope la kidimbwi, na ilikaa kwenye mto wa Ghislaine hata alipoufua. Kisha zikaja nyayo za maji kwenye ngazi, za buti la mwanamume, zikipanda bila kushuka. Mgeni mmoja, mwalimu kutoka mjini, alishuka kwa chai akiwa amepauka, akauliza kwa kunong'ona yule bwana aliyesimama kwenye ushoroba ni nani, maana alikuwa ameelekea ukutani na nguo zake zilikuwa zikichuruzika maji, na alipomsalimia hakugeuka.

"Ni mume wangu," Ghislaine alijibu.

Mwalimu alikuwa ameisikia habari ya msiba. Aliondoka bila kugusa mkate.

Tungeendelea kudhani ni majonzi ya mjane lau si mkasa wa wale wenzi wawili waliotoka kaskazini. Walifuata alama za njano kama watembezi wote wafanyavyo, wakakata kushoto. Mume aliteleza kwenye changarawe akaporomoka hadi ukingoni, akashikilia kichaka kilichoota kwenye ufa wa mwamba mpaka waokoaji walipofika na kamba. Mguu ulikuwa umevunjika, lakini hakulalamikia mguu. Alikuwa akiuliza yuko wapi yule mtu wa koti la kijani aliyekuwa mbele yao muda wote, mwenye adabu, akisema, "Huku, huku, bado kidogo."

Koti la kijani tulimzika nalo Firmin.

Meya Cazalou aliitisha mkutano. Alisema njia itafungwa, na alama zake zote zitafutwa kabla ya majira yajayo. Watu waliinamisha vichwa, maana kila mmoja aliogopa na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema anaogopa nini. Ghislaine akasimama.

"Njia hii Firmin aliifyeka kwa mikono yake, wakati nyinyi mlikuwa mnamcheka," alisema. "Mkiifunga mtakuwa mmemzika mara ya pili. Mimi sikubali."

"Ghislaine, mtu nusura afe," meya alimwambia kwa upole.

"Basi fungeni kile kilichotaka kumuua. Njia haikumkosea mtu."

Walipotoka, mzee Anselme aliwavuta pembeni Ghislaine na mama mkwe wake. Anselme ni mganga wetu. Ukiungua moto yeye hupulizia na kuomba, na maumivu hupoa. Alisema kitu kile ni Draki, jini la kidimbwi, na wazee wake walilijua. Huvaa sauti ya marehemu kama mtu avaavyo koti la kuazima. Halina nguvu mpaka litakapoitikiwa. Kisha akauliza nani ameliitikia.

Ghislaine akatazama mawe ya barabarani. Eudoxie akamtazama Ghislaine, akaushika mkongojo wake kwa mikono miwili.

"Unaweza kulitoa?" Ghislaine aliuliza.

"Mimi nazima moto, mama, maji siyawezi," Anselme alijibu. "Na mlango mlioufungua wenyewe, mgeni hawezi kuufunga. Mwenye nyumba ndiye hufunga."

Asubuhi iliyofuata ukungu uliziba kijiji mpaka mnara wa kanisa haukuonekana. Lango la chini lilikuwa limefungwa kwa utepe wa meya. Ghislaine alichukua kopo na brashi, akaupita utepe. Kwenye njia zetu, mistari miwili iliyokatizana humwambia mtembezi asipite hapo, na yeye alikuwa amekata shauri kukatiza kila alama ya uongo, hata kama zingefika mlangoni kwa shetani. Akakatiza ya kwanza kwenye mwaloni. Akaingia vichakani akakatiza ya pili.

Na kadiri alivyokatiza ndivyo alivyoona nyingine mbele, mbichi, yenye mkia wake mwembamba, na kila alipoifikia ile harufu ya tope ilikuwa nzito zaidi, na ukungu ulikuwa umejifunga nyuma yake hata hakujua tena ametokea wapi, na kengele ya kanisa aliyoisikia kila siku ya ndoa yake sasa ililia kama iko chini ya maji, na ndani ya ukungu kulikuwa na hatua za mtu zilizosimama aliposimama na kutembea alipotembea, mpaka kikohozi kile kikamjia karibu kabisa, karibu kiasi cha kusikia pumzi, na sauti ikamwita jina lake la kitandani, ikamwambia amechoka, inajua amechoka, kwa nini ahangaike na brashi wakati yeye yupo hapa, hatua chache tu, na kuna joto.

Brashi ikamponyoka. Miguu yake ikaanza kwenda yenyewe juu ya changarawe.

Akaliona koti la kijani. Mtu alisimama amempa mgongo, maji yakimtiririka mikononi, na mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa nyuma kama wa mume anayemsaidia mkewe kuvuka kijito. Ghislaine akanyoosha wake.

"Wewe mtoto wa watu, rudi hapa."

Eudoxie alikuwa ameamka akakuta jikoni kimya na stoo wazi. Alikuwa ametoka na mkongojo wake, kwa yale magoti, akashuka lango la chini na kufuata rangi ya misalaba kwa kuipapasa, akianguka na kuinuka. Gauni lake lilikuwa limechanika na viganja vinavuja damu. Alimshika mkwewe nywele, maana ndizo alizoweza kuzifikia, akamvuta nyuma mpaka wote wawili wakakaa chini kwenye mawe.

"Ni Firmin, Mama," Ghislaine alinong'ona. "Niache. Ni yeye."

"Firmin wangu alifia kitandani. Nilimfumba macho kwa mkono huu." Kisha kizee akapaza sauti kuelekea kwenye ukungu. "Wewe sikukuzaa. Vua hilo koti."

Kile kitu kikageuka. Hakikuwa na uso; mahali pa uso palikuwa laini na pamelowa kama jiwe la mtoni. Na sauti iliyotoka haikuwa tena ya mwanamume. Ilikuwa ya mtoto mdogo, Firmin wa miaka ile kabla hajajua kufunga kamba za viatu, akilia polepole, kwa kwikwi.

"Mama. Nasikia baridi. Mama, nichukue."

Ghislaine alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli, kwa sababu alihisi mkono wa mama mkwe wake uliomshika nywele ukilegea. Mama gani angesikia hivyo akabaki amekaa? Mtoto akalia. Kizee akafumba macho, machozi yakamshuka, naye hakuyafuta.

"Lia," alisema. "Wangu alipolia nilimwendea kila mara, hata usiku mmoja sikumkosa. Sina deni naye. Wewe lia mpaka kidimbwi chako kikauke, mimi siji, na huyu haji. Ghislaine, liambie."

Ghislaine alikitazama kile kitu. Alikuwa bado anaipenda ile sauti. Hilo hakulificha kwa mtu. Akasimama, akatafuta brashi na kopo kwenye mawe mpaka akavipata.

"Nilikuitikia kwa kosa," alisema. "Naurudisha mwitiko wangu. Nyumba ni yetu, na njia ni yetu. Toka."

Akachora msalaba kwenye jiwe kubwa la ukingoni, hatua moja kutoka kwenye miguu ya kile kitu, rangi ikimmwagikia viatuni. Kilio kikakatika. Koti likanywea, likawa maji matupu, yakamwagika juu ya changarawe na kupotelea ukingoni. Kutoka chini, baada ya muda, ikasikika sauti ya kitu kikitumbukia kidimbwini.

Walirudi wakishikana viuno. Langoni Ghislaine alitoa kisu akaukata utepe wa meya, akautia mfukoni.

Harufu ilitoka nyumbani jioni hiyohiyo, na nyayo hazikupanda tena ngazi. Lakini lile jini halikuondoka mwambani, na Anselme alituambia tusijidanganye kwamba litaondoka. Meya alipokuja kurudisha utepe wake alimkuta Eudoxie chini ya mwaloni, amekaa kwenye kiti cha jikoni, mgongo umeelekea mwambani, blanketi magotini. Alimwambia meya kwamba akitaka kufunga njia amfunge na yeye humohumo. Meya alikuwa amelelewa akimwogopa kizee huyo, akarudi juu.

Tangu hapo, kila siku ya ukungu, Ghislaine humbebea kiti chake asubuhi na kumfuata jioni. Hugombana njiani kwenda na kurudi. Watembezi hupita wakamkuta anakula mkate na jibini ya mbuzi, akiwaonyesha kulia kwa ncha ya kisu.

Msimu wa juzi alipita kijana na mkewe, wageni kabisa wa huku. Kizee akawaelekeza. Mwanamke akasita, akatazama ule weupe nyuma ya kiti, akasema kwa sauti ya chini:

"Bibi, samahani. Kuna mtoto huko nyuma anakuita."

"Namsikia," Eudoxie alijibu, akakata kipande kingine cha jibini. "Nyinyi piteni kulia."