Sauti ya Kumi na Tisa

Asubuhi hiyo Placidius aliita majina kumi na manane, akaitikiwa mara kumi na tisa.

Alidhani ni utani. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1953, naye alikuwa kontrakta kutoka Bukoba anayejenga ghala la kahawa Nyaishozi. Akafunga daftari, akasema, "Leo mmeshiba mapema." Hakuna aliyecheka. Nyapara wake, Gozbert, alikuwa anautazama ukuta wa nyuma ambako ile "Nipo" ilitokea.

Wao wawili tu ndio walijua. Wiki tatu nyuma, wenzake walipokwenda kula, kibarua Ndyamukama alibaki ndani ya mtaro wa msingi, upande wa kilima, ambako udongo ulisimama juu kuliko mtu. Gozbert alikuwa ameomba magogo ya kuuegemeza mara mbili, na mara mbili Placidius akamjibu kwamba mvua hazisubiri magogo. Ukaporomoka. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Sheria ilimtaka kontrakta apeleke taarifa bomani siku hiyohiyo. Bomani wangesimamisha kazi. Basi wakamfukia palepale kwa mawe ya msingi, na Placidius akaandika daftarini, kwa mwandiko wake mzuri: Ameacha kazi, na tarehe ya jana yake. Eseri, mke wa marehemu, aliambiwa mumewe ameenda Uganda. Nani angebisha? Wanaume wa Karagwe walikwenda Uganda kila mwaka.

Sauti ikawa ya kila asubuhi. Placidius alihamishia mwito barabarani, ikaitikia chini ya barabara; akaacha kuita majina kabisa, lakini jioni akisali nyumbani, alipomtaja mama yake, ikaitika chini ya kitanda, na harufu ya udongo mbichi ikapanda ilhali mvua haijanyesha tangu Juni, ikamfuata hadi kwenye sahani, hadi kwenye shati lililotoka kufuliwa, mpaka akawa anaogopa kufungua mdomo mbele ya watu asije akataja jina la yeyote.

Ghala lilipokwisha kukabidhiwa, alimleta mfumu Rwegoshora, mganga wa Kiruruma, mchana kweupe. Mzee aliweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi.

"Huyu hataki mbuzi," alinong'ona. "Anataka kulala kwenye kibanja chake, chini ya migomba yake. Mtoe."

"Kumtoa ni kubomoa ukuta, mzee. Na ghala si langu tena."

"Mtu ni wa kwako. Ulimpokea kazini akiwa mzima."

Maneno hayo yalimchoma. Placidius akaenda bomani, akakiri yote, akilia. Karani Cassian alimsikiliza kwa adabu, kisha akafungua daftari la kazi ambalo Placidius alikuja nalo.

"Hapa umeandika ameacha kazi. Sahihi si yako?"

"Ni yangu. Nilidanganya."

"Shahidi wako nani?"

"Gozbert, nyapara."

"Gozbert tumeshamtafuta kwa jambo jingine. Ameenda Uganda."

Placidius alitaka kucheka, akashindwa.

"Bwana, una homa," Cassian alisema. "Jengo zima halibomolewi kwa ajili ya mtu aliyeacha kazi. Nenda ukapumzike."

Aliporudi Nyaishozi alimkuta Eseri amesimama nyuma ya ghala na kikapu.

"Shikamoo, waitu," alisema taratibu, kwa heshima ya kwao. "Shemeji amerudi kutoka Uganda. Anasema huko hawajamwona mume wangu. Nimeona nianzie hapa alipofanyia kazi."

"Rudi nyumbani, mama."

Eseri hakumsikiliza. Aliugeukia ukuta, akaita kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aje kula. "Ndyamukama."

"Nipo."

Mama yule aliutazama ukuta toka juu hadi chini kwenye mawe, kisha akamtazama Placidius usoni, na Placidius akajua ameelewa.

"Basi mtoe," alisema. "Nimekuja kumchukua."

Eseri akatandika jani la mgomba chini ya ukuta, akapakua ndizi na maharage, akakaa kusubiri.