Dira, Mayai na Njia ya Kijani

"Barabara hii naijua kuliko inavyojijua yenyewe," Dira alisema huku akikaza mpira kwenye keria ya baiskeli. "Hata ukinifunga kitambaa machoni, nafika. Na hakuna yai litakaloshtuka."

Mkewe alishika trei ya juu isiteleze. Alikuwa ameamka mapema kulisha kuku. Kisha alikusanya mayai, akayafuta moja moja na kuyapanga. Kazi ya kuku ilikuwa yake. Kazi ya barabara ilikuwa ya mumewe. Kila asubuhi Dira aliyapeleka mayai kwa mwoka mikate, na kwa kazi hizo mbili nyumba yao ilikula.

"Baba watoto," mkewe alisema, "leo wameondoa mabati ya ujenzi. Barabara imefunguliwa, na wanasema haiko kama zamani."

"Barabara ni barabara. Inaanzia hapa, inaishia kule."

"Kwenye mkutano wa mtaa walisema kila upande una mwelekeo wake. Nilikwambia."

"Na mimi nikakwambia, watu hawamwambii Dira njia."

Jina hilo la Dira alijipa mwenyewe. Ni vizuri msomaji alijue hilo mapema.

Alipofika barabarani alishika breki. Alitazama kushoto. Akatazama kulia. Kisha akatazama nyuma, kuhakikisha kwamba nyumba yake bado ipo.

Barabara ilikuwa imepakwa rangi kama sanduku la bibi harusi. Karibu na nyumba kulikuwa na njia ya waenda kwa miguu. Baada yake kulikuwa na njia nyembamba ya kijani. Kisha viguzo vifupi vya zege, vimejipanga kama wanafunzi mstarini. Kisha njia pana nyekundu. Magari yalikuwa yamesukumwa kule katikati, na madereva walipiga honi kama watu walioibiwa.

"Hii nyekundu bila shaka ni ya wakubwa," Dira aliwaza. "Na hii ya kijani?"

Chini kwenye kijani aliona picha ya baiskeli. Hapo alifurahi. Mbele ya picha aliona mshale. Hapo alichanganyikiwa. Mshale ule ulimwelekea yeye usoni. Yeye alitaka kwenda kulia, kwa mwoka mikate, na mshale ulikuja kushoto.

Alifikiri kidogo. Dira hakuwa mtu wa kukosa jibu.

"Aaa! Wananionyesha hatari inatokea wapi. Wanasema, tazama kule. Asanteni sana, nimeshatazama."

Akapanda baiskeli, akaingia njia ya kijani, akaenda kinyume cha mshale.

Hakufika mbali. Muuguzi mmoja aliyevaa sare nyeupe alikuja mbele yake kwa baiskeli. Wote wawili walisimama, gurudumu kwa gurudumu.

"Kaka, unakwenda wapi?" muuguzi aliuliza.

"Kazini. Wewe je, umepotea?"

"Mimi?"

"Usiwe na wasiwasi. Siku ya kwanza wengi wanapotea."

Muuguzi alimtazama, akatazama mshale, akamtazama tena. Alikuwa amechelewa. Alishuka, akaisukuma baiskeli yake pembeni na kumpita akitikisa kichwa. Nyuma yake walikuja wanafunzi wawili. Nyuma yao alikuja fundi bomba na mabomba yake begani. Kila mmoja alipiga kengele.

"Leo watu wote wamepotea," Dira alijisemea. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu kama asubuhi. Inawezekanaje watu wote wapotee, halafu wapotelee upande mmoja?

Alikuwa bado analiwaza swali hilo alipofika kituo cha basi. Zamani kituo kilikuwa ukingoni. Sasa kilikuwa kimewekwa kati ya njia nyekundu na njia ya kijani, kama kisiwa. Basi lilisimama. Abiria walishuka. Ili kufika kwenye njia ya waenda kwa miguu, ilibidi wavuke kijani. Walitazama upande ambako baiskeli hutokea, wakaona kweupe, wakavuka.

Dira alitokea upande wa pili.

Alishika breki zote mbili. Baiskeli iliteleza, ikalala. Trei za mayai nazo zilifunguka zikalala. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Kwa maelezo yake mwenyewe, Dira aliinuka papo hapo, akawaomba abiria radhi kistaarabu, akaokota yaliyopona na kuendelea na safari.

Mwoka mikate alimpokea mlangoni, mikono imejaa unga. Alifunua trei ya kwanza. Akafunua ya pili. Hakufunua ya tatu.

"Nimeagiza mayai," alisema. "Huu ni uji."

"Mama, barabara imebadilika."

"Barabara imebadilika kwa kila mtu. Mwenye maziwa amefika. Mwenye unga amefika." Alifuta mikono kwenye aproni. "Nisikilize. Jumamosi nina keki za harusi. Mayai yakija mazima, tutaendelea. Yakija hivi, nitamchukua yule jamaa mwenye pikapu. Na nikimchukua, nimemchukua moja kwa moja."

Dira alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli. Mkewe aliziona trei, akaingia bandani kwa kuku. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakugomba. Alisema tu, "Mwoka mikate akituacha, mayai ya hawa kuku nitamuuzia nani? Nitawauza wenyewe." Dira angependa zaidi kugombezwa.

Jioni dada mkubwa wa mkewe alikuja kuwatembelea. Alikuwa dereva wa basi la mji, na sare bado ilikuwa mwilini. Kwa Dira alikuwa shemeji, na utani wao haukuwa na kikomo.

"Shemeji yangu!" alisema kabla hajakaa. "Leo nimemwona mtu anaogelea dhidi ya mto na trei za mayai. Nikasema, yule si mume wa mdogo wangu. Yule wa kwetu anajua njia!"

"Cheka tu, shemeji. Serikali imenivuruga."

"Imekuvuruga vipi?"

"Imenipunguzia barabara, imepaka rangi, imekwenda zake. Mimi shuleni nilifundishwa: kaa upande ambao magari yanakuja mbele yako, uyaone. Mwalimu alinichapia hilo. Nimelishika mpaka leo."

Shemeji aliweka kikombe chini. Sasa hakucheka.

"Ulifundishwa hivyo ukiwa na baiskeli?"

"Baiskeli nitoe wapi? Tulikwenda kwa miguu."

"Basi mwalimu hakukosea. Mwenda kwa miguu, mahali pasipo na njia yake, hutembea akiyaona magari yanayokuja. Lakini baiskeli ni chombo, shemeji. Hufuata upande uleule wa vyombo vingine. Magari yanakoelekea, nayo inaelekea huko."

"Sasa nigeuzie mgongo gari? Nigongwe bila hata kumwona anayenigonga?"

"Ukimwona ndiyo hutaumia?"

Mkewe alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Shemeji alipanga vitu mezani. Kitambaa kirefu kilikuwa barabara. Bakuli lilikuwa nyumba yao, na kisahani kilikuwa duka la mwoka mikate. Vyote viwili alivipanga upande mmoja wa kitambaa.

"Hii nyekundu ni njia ya mabasi," alisema. "Siyo ya wakubwa. Barabara haikuongezwa upana, imegawanywa upya. Zamani basi langu lilikwama nyuma ya gari lenye mtu mmoja na begi lake. Abiria wangu wote walichelewa kwa ajili ya begi. Sasa basi lina njia, baiskeli ina njia, mwenda kwa miguu ana njia. Magari yamebaki na yao. Wewe umepewa njia yako na unaitumia kinyumenyume."

"Lakini nyumba iko upande huu na duka liko upande huuhuu! Kwa nini nivuke barabara halafu nivuke tena? Mtu anazunguka kwenda kwa jirani?"

"Kwa sababu njia ya kijani iliyo mbele ya nyumba yako ni ya kurudia. Ya kwendea iko ng'ambo."

Dira alitazama kitambaa. Alitazama bakuli. "Na kurudi?"

"Kurudi unapita hii ya karibu, unafika mpaka mlangoni."

"Na mshale?"

"Mshale ni amri ya kuufuata. Ulidhani nini?"

Dira alikohoa.

"Hata mimi kile kisanduku walichochora njia panda sikukielewa," mkewe alisema. "Mkutanoni walipita haraka."

Shemeji alieleza kwa vijiko viwili jinsi kisanduku kinavyomsaidia mwenye baiskeli kukata kulia. Dira alisema ameelewa. Kisha aliendesha kijiko chake kikaingia kwenye bakuli la sukari. Shemeji alikitoa.

"Haya ya mezani hayatoshi," alisema. "Kesho ni siku yangu ya mapumziko. Twende kwa miguu ukaone."

Kesho yake walisimama mahali ambapo uchochoro hutokea barabara kuu, hatua chache kutoka nyumbani.

"Usitazame magari," shemeji alisema. "Tazama shingo za madereva."

"Shingo?"

"Shingo."

Teksi ilikuja kutoka uchochoroni. Dereva alitaka kuingia barabara kuu. Shingo yake iligeuka kulia, magari yanakotokea. Akaona nafasi, akaingia. Gari la maji lilikuja. Shingo ikageuka kulia, likaingia. Ikaja pikipiki, shingo kulia. Dira alisubiri shingo moja tu itazame kushoto. Haikutokea.

"Sasa wewe jana ulitokea wapi?" shemeji aliuliza.

Dira aligeuka taratibu. Jana alitokea kushoto.

"Kumbe hawakuniona," alisema. Hakuwa akitania tena. "Kila asubuhi napita hapa. Miaka yote hii nasema nawaona, nawaona. Wao hawakuwa wakiniona."

"Mimi mwenyewe ni dereva. Nikitoka pembeni natazama kule chombo kinakotokea. Anayekuja kinyume ananitokea kama jini."

Walitembea mpaka kituo cha basi. Hapo kijani kilikuwa kimepakwa mistari myeupe ya pundamilia.

"Hapa abiria akivuka, baiskeli inamsubiri," shemeji alisema. "Kwenye mistari hii yeye ndiye mwenye haki. Umepewa njia, lakini hukupewa watu."

Mwisho walifika njia panda iliyo karibu na duka. Dira alikiona kisanduku cheupe kilichochorwa chini, na baiskeli ndani yake. Alikitazama kwa mashaka kama mtu anayetazama dawa ya macho.

Jumamosi mkewe alipanga trei. Alizifunga mwenyewe. Kisha akamtazama mumewe usoni.

"Polepole, baba watoto."

Dira aliisukuma baiskeli mpaka kivuko cha waenda kwa miguu. Alingoja, akavuka kwa miguu. Ng'ambo aliukuta mshale. Ulielekea anakokwenda. Alipanda, na jambo la ajabu likatokea: hakuna aliyempigia kengele. Watu wote walikuwa wamepotea upande wake.

Kwenye kituo cha ng'ambo basi lilikuwa limesimama. Alisimama kabla ya mistari. Abiria walivuka, mmoja akampungia mkono. Dira hakujua afanye nini, akapiga kengele ya shukrani. Abiria yule aliruka kwa hofu.

Njia panda ndiyo ilimtoa jasho. Alitaka kukata kulia, magari yalikuwa mengi, na kichwa kilikuwa kimejaa vijiko. Je, ni kunyooka kwanza? Au kusubiri kwanza? Taa ya mbele yake ikawa kijani. Dereva wa gari la nyuma akapiga honi. Dira akanyooka, akavuka, akakiona kisanduku upande wa pili. Akaingia ndani yake na kusimama. Akaigeuza baiskeli ielekee kulia. Sasa afanye nini? Alibaki ndani ya kisanduku kama yai ndani ya trei.

Kisha taa nyingine, ile ya barabara aliyokuwa ameielekea, ikawa kijani. Magari yote yaliyokuwa yakimtisha yakasimama. Mbele yake kukawa wazi mpaka mlangoni kwa mwoka mikate.

"Kumbe ndicho hiki!" alipiga kelele peke yake. "Kinakuvusha mara mbili, ili usivuke vibaya mara moja!"

Mwoka mikate alifunua trei ya kwanza. Akafunua ya pili na ya tatu. Alichukua yai moja, akaligeuzageuza kwenye mwanga, kama anayetafuta sababu ya kulalamika.

"Jumatatu uniletee tena," alisema. "Na umwambie mkeo, wiki ya sikukuu nitahitaji zaidi."

Siku hiyo mkewe Dira aliingia bandani akiimba. Baadaye walinunua vifaranga wengine, na Dira akatengeneza keria pana zaidi.

Wiki chache baadaye Dira alikuwa kwa fundi baiskeli, akizibiwa pancha. Waendesha baiskeli kadhaa walikuwa wakisubiri. Mmoja alilalamika kwamba barabara mpya inamchanganya. Dira alivuta kigoda.

"Ndugu yangu, ni jambo dogo. Fuata mshale. Vuka kwenye kivuko. Kwenye kituo, abiria kwanza. Ukitaka kukata kulia, nyooka, ingia kisanduku, geuka, subiri taa. Mimi siku ya kwanza tu, nilipouona ule mshale, nikaelewa yote. Kuna jamaa mmoja alikuwa akija kinyume, ana mayai, masikini. Nikamsaidia kuinuka."

Mama mmoja alikuwa amekaa nyuma yake, ameleta baiskeli ya mwanawe. Aliinua kichwa.

"Jamaa mwenye mayai? Pale kituoni?"

"Hapohapo, mama."

"Mimi nilishuka kwenye lile basi." Alimtazama Dira kwa makini, kuanzia kofia mpaka viatu. "Huyo jamaa hakuinuliwa na mtu. Alikaa chini katikati ya njia, ute unamtiririka sikioni, akawa anatufokea sisi abiria eti tumeshuka upande usiofaa. Akamwambia na dereva ageuze basi."

Fundi aliacha kupampu.

"Na alikuwa amevaa kofia hiyohiyo," mama alimalizia.

Dira aliinama, akaanza kuichunguza valvu ya tairi kwa bidii kubwa sana.