Mahali Alipoachwa Gad

Kiboko alikuja kutoka chini. Mtumbwi uliinuka kichwa, ukavunjika katikati, na Mutware, mwenye mtumbwi, akarushwa upande ule ule aliokuwapo mnyama. Hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Mvua ilikuwa ikimwagika, upepo unalichafua Ziwa Nakivale lote, na katika vurugu hiyo Gad alisikia meno yakimfunga mguu wa kushoto, chini ya goti. Yalifunga mara moja, yakaachia. Kiboko hali watu. Huwaua tu, kisha huenda zake kula majani.

Aliyemvuta ni mdogo wake, Mariette. Mkono mmoja ulikumbatia dumu tupu la njano, mwingine ulishika ukosi wa shati la kaka yake, na miguu ikapiga maji bila kujua inaelekea wapi mpaka uso ukagonga mafunjo. Wakapanda. Chini palikuwa na mizizi iliyosokotana na matope meusi. Palibonyea, lakini palibeba. Pua ya mtumbwi uliovunjika ilikuja nyuma yao ikanasa kwenye mabua. Mfuko wa plastiki wenye kamera ulikuwa bado shingoni mwa Gad, maana huyo angeacha roho kabla ya kuacha kamera.

Gad alikuwa mpiga picha wa harusi na ubatizo katika kambi ya wakimbizi kando ya ziwa. Ofisi moja ya Mbarara ilimtaka apige picha za ukingo wa ziwa, ionekane mafunjo yanakatwa wapi, na kila picha iwe na namba za mahali ilipopigwa. Kamera yake haikuwa na uwezo huo, basi akanunua kidude cha GPS kinachokaa juu ya kamera, pale panapowekwa flashi. Kidude kinasikiliza setilaiti na kuandika namba ndani ya kila picha. Gad alikisifia mpaka watu wakaanza kumkwepa. Lakini mtu aliyefukuzwa kwao Kivu Kusini akiwa mtoto, akalala Kabazana, kituo cha kupokea wakimbizi, akingoja wageni wamwonyeshe kiwanja cha kuishi, hana kosa akipenda kitu kinachomwambia kwa uhakika: uko hapa.

Mvua ilipokatika, Mariette aliuangalia mguu. Mfupa ulikuwa umetoka nje, mweupe, umesafishwa na maji. Aliufunga kwa kitenge chake, akakaza kwa bua la funjo, na Gad akauma mkono wa shati asipige kelele.

"Leta kamera," alisema alipoweza kusema.

"Yaya, damu iko natoka mingi," Mariette alimjibu kaka yake.

"Leta. Batu ya Mutware banapashwa kujua fasi alikufia."

Alingoja taa ya kidude iache kupepesa, akaipiga picha ile pua ya mtumbwi na mabua yaliyovunjika kando yake. Jua likazama. Kulipokucha, mbu walikuwa wamewavimbisha nyuso, simu zote mbili zilikuwa zimekufa kwa maji, na Gad alikuwa anachemka kwa homa.

"Utaenda," alimwambia Mariette. "Shika dumu, fuata mafunjo, usiingie katikati ya maji."

"Na weye?"

"Miye niko na mguu moja. Nitaenda wapi?"

"Siwezi kukuacha, yaya."

"Utaniacha, kisha utarudia na batu. Nipige foto kwanza. Taa ikipepesa, usipige. Ile namba itakuwa ya bongo, itadanganya batu. Ngojea isimame."

Taa ikasimama. Mariette akampiga picha kaka yake akiwa ameegemea pua ya mtumbwi, midomo imepasuka, anajaribu kutabasamu kama anavyowaamuru mabwana harusi. Akamwachia panga la Mutware, lililokuwa limechomekwa ndani ya pua ya mtumbwi. Akavaa mfuko wa kamera kichwani, akaingia majini na dumu lake.

Safari ile ilikuwa mbaya kuliko alivyotegemea. Makali ya majani yalimchana mikono na mashavu, ruba wakamng'ang'ania nyuma ya magoti, na mara mbili alisikia pumzi nzito karibu naye, akabaki ametulia huku amefumba macho, kana kwamba asipomwona kiboko, kiboko naye hatamwona. Kiu ilimshika akiwa na ziwa zima mdomoni. Alikunywa, akatapika, akanywa tena. Jua lilikuwa juu kabisa alipotokea mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, akitambaa.

Kabanda, mvuvi mwenzake Mutware, hakumwuliza maswali mengi. Aliziingiza namba za picha ya mwisho kwenye ramani ya simu yake, akauliza jambo moja tu.

"Fasi ile ni kisiwa ya mafunjo ao ni udongo ya kweli?"

"Ni udongo. Tulilala juu yake."

Hivyo ndivyo alivyoamini. Wakaingia ziwani wawili, Kabanda akipiga kasia, Mariette ameshika simu mbele yake, na ile nukta ya buluu ikasogea taratibu mpaka ikakaa juu ya namba. Mariette akainua macho. Palikuwa na maji. Maji na majani ya yungiyungi, basi.

"Njo hapa?" Kabanda aliuliza.

"Njo hapa. Angalia namba."

Wakazunguka. Wakaita. Kabanda akatumbukiza kasia lake lote, halikugusa chini. Upepo ulikuwa umetulia na ziwa limelala kabisa, na hapo ndipo ilipokuja sauti, mbali, upande wa machweo: nyembamba, ndefu, ikakatika.

"Umesikia?" Kabanda aligeuka.

Upande ule ndiko walikokuwa viboko. Masikio yao yalionekana juu ya maji, kundi zima, majike na watoto wao. Mariette aliyaangalia masikio yale. Aliyaona tena meno, aliiona tena mikono ya Mutware hewani. Alikuwa amesikia vizuri. Alikuwa amesikia vizuri kuliko Kabanda.

"Ni ndege," alisema.

"Ndege gani analia vile?"

"Ni ndege, papa Kabanda! Yaya yangu alikuwa hapa. Mashini haikosee. Hapa! Ameisha kuzama, turudie."

Kabanda hakubisha sana. Naye alikuwa na watoto nyumbani, na masikio yale alikuwa ameyaona. Akaugeuza mtumbwi. Sauti ile ikaja mara nyingine, fupi zaidi, na wote wawili wakajifanya wanatazama kasia.

Nyumbani, mama yao alianguka chini kabla hawajamaliza kusema. Wanawake wa kanisani walijaa uani, wakaanza kuimba, na mmoja wao akamwomba Mariette picha nzuri ya marehemu ya kuweka mezani. Mariette akafungua kamera kutafuta. Machozi yalikuwa yanamziba, akapita picha moja, akarudi nyuma, akapita tena. Pua ya mtumbwi, jioni. Pua ya mtumbwi, asubuhi, na Gad ameiegemea. Bua lile lile lililovunjika, fundo lile lile la mizizi. Mahali pale pale. Lakini namba zilikuwa mbalimbali.

Kwanza alifikiri kidude kimeingia maji. Akatafuta picha za mwaloni, ambazo Gad alizipiga kila asubuhi kabla ya kupanda mtumbwi. Zote namba moja. Akatoka nje na kamera, akapiga picha ya mlango wao, akazilinganisha namba zake na za picha ya zamani ya mlango huo huo. Zilikuwa sawa. Kidude kilikuwa kizima. Kilichosogea ni udongo. Dhoruba iliyakata mafunjo kutoka ukingoni, na tangu jioni ile yalikuwa yanaelea na Gad mgongoni.

Akachora chini kwa kijiti: jioni hapa, asubuhi hapa. Kijiti kikaendelea mbele chenyewe, kuelekea machweo. Kuelekea kwa ndege.

Alikimbia mpaka kwa Kabanda bila viatu. Jua lilikuwa linazama.

"Ni muzima! Twende sasa!"

"Sasa viboko batapanda kula majani. Tutakufa sisi bote."

"Papa Kabanda, uliisikia!"

"Na weye ulisema nini?" Kabanda alimjibu kwa sauti ya chini. Mariette alijaribu kuusukuma mtumbwi peke yake. Wanaume wakamshika, wakakaa naye mpaka asubuhi, na usiku kucha alikuwa anajua kwamba kila dakika ya Gad kule ziwani ameitengeneza yeye.

Walimkuta asubuhi, kulekule kijiti kilikoelekea. Kisiwa kilikuwa kimekwama kwenye ghuba ndogo, karibu na mashamba ya watu kiasi kwamba jogoo alisikika akiwika. Kaloli wawili, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaokula mizoga, walikuwa wamesimama kando ya Gad wakingoja kwa adabu. Alikuwa amewazuia kwa panga mpaka mkono ukakataa kuinuka. Mguu ulikuwa mweusi na unanuka, na ndani ya kidonda kulikuwa na vitu vinavyotembea. Mdomoni alikuwa na nyuzi za funjo alizotafuna apate maji yasiyo na matope.

Macho yalikuwa mazima kabisa. Yalimfuata Mariette tangu aliposhuka mtumbwini mpaka alipopiga magoti.

"Yaya. Yaya, samahani, mafunjo ilitembea, hatukujua..."

"Nilikuona," Gad alisema. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. "Jana. Maji ilikuwa kimya. Nilikuita jina, nikasikia ukisema ni ndege."

Kabanda akainama kushughulikia kamba ambayo haikuwa na shida yoyote. Wakambeba Gad mpaka mtumbwini, naye hakulia hata mguu ulipogonga ubao.

Gari la wagonjwa liliwachukua kuelekea Mbarara. Pale Masha, njiani, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, wengi, wanono, wenye pembe ndefu, na dereva alipiga honi bure. Mariette alilia kwa hasira. Gad aliwatazama ng'ombe wale mpaka wa mwisho alipopita, kama mtoto wa wafugaji anavyotazama, kisha akageuza uso upande wa bati la gari.

Hospitalini daktari hakuhitaji muda. Muuguzi, mama mmoja Mnyankore, mwenyeji wa pale, mwenye haraka zake, alikuja na karatasi.

"Mguu huyu tunakata leo leo. Nani ndugu ya mugonjwa? Nataka yeye asaini."

Mariette alisogea kitandani, matope ya ziwa yamemkaukia mikononi.

"Hakuna," Gad alisema.

Muuguzi akamtazama Gad, akamtazama Mariette: paji moja la uso, mwanya mmoja wa meno.

"Na huyu dada? Nyinyi nafanana kabisa."

"Ni mutu wa mutumbwi. Balinileta naye."

"Yaya," Mariette alisema.

Gad akanyoosha mkono, akachukua kalamu. Akaishika kwa ngumi, akaandika jina lake pale palipotakiwa jina la ndugu. Muuguzi akaichukua karatasi, akamgusa Mariette begani bila ubaya wowote, akamwomba atoke nje, kwa sababu mle ndani waliruhusiwa ndugu tu.

Akatoka.