Pikapu ya Muturi Ilikosa Pumzi

Haya yalimpata rafiki yangu Muturi wa Kianjokoma, na simwonei huruma. Mkewe Ednah hakuwa amemaliza miezi miwili kaburini, naye Muturi keshamleta mwanamke mwingine, Ciku, nyumbani. Tangu hapo pikapu yake kuukuu ikawa inaishiwa nguvu ikipanda mlima, ila ni Ciku akiwa ndani tu.

“Sasa mimi ndio nimeziba filta ya hewa?” Ciku akacheka walipoipeleka kwa fundi.

Fundi alimkalisha ndani, akakanyaga mafuta. Injini ikakoroma kama mtu aliyezibwa mdomo. Akaizima, akafungua bomba la hewa, akavuta kitambaa cha kichwa cha kijani, kimejaa udongo mwekundu.

“Hiki ndio kinaziba hewa, bosi.”

Muturi alilitambua fundo la kitambaa. Alilifunga mwenyewe chini ya kidevu cha Ednah, kabla jeneza halijafunikwa.