Fanny Anafuga Pweza

Asubuhi Norbert wa kijiji cha Nundu alikwenda kwenye bwawa lake kabla ya chai. Alifuga humo samaki kumi na wawili wakubwa, wa kuzalisha. Ole wake! Wawili walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa juu ya maji, midomo wazi.

"Mama Fanny! Samaki iko nakufa!"

Mkewe, Anastasie, alikuja mbio. Binti yao Fanny alimfuata. Fanny alikuwa likizo. Anafanya kazi pwani ya Tanzania, mahali pa kufuga na kuzalisha pweza. Pweza ni mnyama laini wa baharini. Hana mfupa, ana mikono minane.

Norbert hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Jana tu alimwambia, "Haurudi kule. Kuangalia munyama ndani ya mayi, ni kazi gani?" Fanny alilia sana.

Sasa Fanny alichota maji ya bwawa, akayanusa.

"Papa, munaloweka muhogo humu?"

"Ndiyo. Mayi iko hapa. Nichimbe shimo ingine ya nini?"

"Muhogo ikioza, inamaliza hewa yenye samaki inavuta ndani ya mayi. Tena inatoa sumu."

"Nani alikufundisha? Pweza?"

"Ndiyo, Papa! Mayi ikiharibika kidogo tu, pweza anakufa. Kila asubuhi tunapima mayi kwanza, ndiyo tunamupa chakula. Na iko na mioyo tatu!"

"Tatu?" Anastasie alishangaa. "Ya kufanya nini?"

"Mama, tutoe muhogo kwanza!"

Waliutoa wote. Wakauloweka ndani ya pipa, mbali na bwawa. Fanny alifungua mfereji, maji mapya ya kijito yakaingia polepole. Mchana samaki kumi waliobaki waliteremka chini. Siku ya tatu walikula vizuri.

Jioni hiyo Norbert alikaa karibu na binti yake. Alikuwa na maswali mengi.

"Huyo pweza, anazaa namna gani?"

"Anataga mayai, Papa. Anayalinda, anayapulizia mayi safi. Hakuli kitu."

"Na batoto bakitoka, anakula?"

"Hapana. Anakufa."

 Norbert aliona huruma.

"Iko na mayai sasa, kule kwenu?"

"Iko, Papa. Pweza moja."

"Basi funga mizigo, mutoto yangu. Bale batoto, nani atabachunga?"