Siri za Kire Zisitoke Nje

Ukungu ulikuwa umeukalia mji wa Dessie tangu alfajiri, na Toyba alikuwa ameshamaliza kuoka mikate ya injera. Alinawa mikono, akachukua bakuli la uji wa shayiri, akampelekea mama mkwe wake kitandani. Mama Zeyneba alikuwa mgonjwa tangu mvua zilipoanza.

"Umeniletea uji au umeniletea kompyuta?" aliuliza bibi yule.

"Uji, mama. Kompyuta hailiki."

"Afadhali. Maana unaitazama kompyuta kuliko unavyomtazama mwanangu."

"Mwanao hawaki kama taa, mama."

Mama Zeyneba alicheka mpaka akakohoa. Toyba akamshika mgongo, akangoja kikohozi kipite, kisha akaenda kukaa kazini kwake, mezani karibu na dirisha.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Wakati huo alikuwa anawaandikia kire, chama cha kuzikana cha mtaa wao. Waislamu na Wakristo wa mtaa ule wote wamo katika kire moja. Mtu akifa, mpiga baragumu hupita vichochoroni na kulitaja jina lake, na kila nyumba hutoa watu. Lakini magari yamekuwa mengi, kelele nyingi, na wengine hawamsikii tena. Ndiyo maana Mzee Gobeze, mwenyekiti, alimwomba Toyba atengeneze programu ya kupeleka habari kwenye simu za wanachama. Programu ingetunza pia habari za kila nyumba: nani mgonjwa, na nani atazikwa na chama.

"Sharti langu ni moja, binti," mzee alimwambia siku ile. "Linalosemwa mbele ya kire halitoki nje ya kire. Kuna watu humu wametuambia mambo ambayo wake zao hawayajui. Likitoka, aliyelitoa naye anatoka."

Toyba aliahidi mbele ya wazee wote. Alijua maana ya kutolewa kwenye kire. Unafiwa, unakaa na maiti wako ndani, na hakuna anayebisha hodi.

Sasa, mtu anayeandika programu anahitaji kihariri. Hiyo ni programu ya kuandikia programu nyingine, kama vile fundi seremala anavyohitaji meza ya kazi. Kihariri cha Toyba kilikuwa cha bure, kizuri, na kila aliyemjua alikitumia. Ndani yake mlikuwa na msaidizi, siyo mtu bali mashine. Ukianza kuandika mstari, yeye anakumalizia. Na Toyba, ili aone kama kazi yake inakwenda sawasawa, alikuwa ameingiza humo habari za kweli za nyumba za kichochoro chao. Aliona kuna ubaya gani? Kompyuta ni yake, iko juu ya meza yake.

Asubuhi hiyo mtandao ulikatika mji mzima. Toyba hakujali, akaendelea kuandika. Lakini msaidizi alikuwa amenyamaza. Chini ya kioo palitokea maneno: *Imeshindikana kufika kwenye seva.*

Toyba akaacha kuandika.

Faili liko hapa, alijiambia. Kihariri kiko hapa. Seva ni kompyuta ya watu wengine, iko mbali; huyu msaidizi anaifuata ya nini? Kama hawezi kunimalizia mstari bila kutoka nje, basi siku zote hizi alikuwa anatoka na nini?

Mumewe Endris alikuwa chumba cha pili, anashona koti. Toyba akamweleza. Endris akaacha kukanyaga cherehani.

"Umemwambia mtu?"

"Wewe tu."

"Basi iishie hapa. Nani atajua?"

"Mimi ninajua."

"Toyba, mke wangu, mama yuko kitandani pale. Leo wakitutoa kwenye kire, kesho..."

"Ndiyo maana siwezi kukaa kimya," Toyba alisema. "Nikiacha, majina yataendelea kutoka. Na ikija kujulikana baadaye, hapo ndipo hatutakuwa na la kusema."

Alifunga kompyuta, akaenda nayo nyumba ya jirani kwa Fikirte, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Fikirte alimkuta mlangoni, akamvuta ndani, akamkalisha.

"Mbona uso kama umekula limau?"

Toyba akamwaga yote. Fikirte alisikiliza, kisha akauliza, "Siku ulipokiweka hicho kihariri, ulisoma masharti?"

"Nilibonyeza 'Nakubali' kama kila mtu."

"Ukakiamini kwa sababu ni cha bure na kizuri."

"Ndiyo."

"Hata yule mchumba wako wa kwanza ulimsifu hivyo hivyo."

Toyba akatabasamu bila kutaka. Mtandao uliporudi mchana, Fikirte aliweka kwenye kompyuta programu ndogo inayoonyesha kila kinachotoka kwenda nje. Toyba akafungua kihariri chake. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine.

"Unaona? Huu ni mwenendo wako: umefungua nini, umebonyeza nini. Huyu hapa ndiye msaidizi. Kila ukiandika, anachukua kipande cha maandishi yako na kukipeleka kwa wenyewe, wakisome huko na kurudisha jibu. Masharti yalisema. Ila yalisema mbali, kwa maneno marefu."

"Nifanye nini?"

"Kwanza fahamu kitu kimoja. Bure siyo sawa na wazi. Kuna vihariri vya chanzo huria. Maandishi yote yaliyoviunda yamewekwa hadharani, mtu yeyote anayeweza kusoma anayasoma. Wakificha humo kitu cha kupeleleza watu, kitaonekana. Na kuna ambavyo wenyewe wameondoa kabisa hizo sehemu za kupeleka habari."

"Nikikipata hicho nimepona?"

"Bado. Acha haraka." Fikirte alimtazama. "Kichukue kwenye ukurasa wa wenyewe, siyo popote utakapokiona. Pale wanaandika mfululizo mrefu wa herufi na namba. Ukishakipakua, kompyuta yako nayo itakutolea mfululizo wa faili ulilolipata. Ikiwa miwili hiyo haifanani, mtu amekichezea njiani; futa, usifungue. Halafu nyongeza, vile vipande vya kupachika kwenye kihariri. Nyumba inaweza kuwa salama, wewe ukaingiza mgeni mdokozi. Weka zile unazozihitaji tu, na uangalie kila moja inatoka nje au haitoki."

"Na msaidizi?"

"Umezaliwa naye?"

Wakafanya hatua kwa hatua, Toyba mwenyewe akibonyeza. Alipofungua kihariri kipya, kilimkera machoni. Vitufe havikuwa mahali pake, rangi zilikuwa nyingine, akakosea mara nyingi na kulalamika kila alipokosea. Lakini kwenye ile programu ya kuonyesha vinavyotoka, kioo kilikuwa kitupu. Toyba akaandika mstari. Kitupu. Akaandika ukurasa mzima. Kitupu vile vile.

"Na yale yaliyokwishatoka?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Fikirte hakumdanganya. "Funga akaunti, waandikie wafute. Huenda wakafuta. Lakini siwezi kukuambia yamerudi. Na tangu leo, ukitaka kujaribu kazi, buni watu. Hata kwenye kihariri salama. Watu wa kweli hawajaribiwi."

Jumapili kire ilikutana. Toyba alisimama akasema yote, bila kujipamba. Endris alikuwa amekaa nyuma, anatazama viatu vyake. Kisha mwanamume mmoja akafoka, "Atolewe! Aliahidi!"

"Aliahidi," Mzee Gobeze alikubali. "Binti, nyumba zipi uliziweka humo?"

"Za kichochoro chetu, baba. Na yetu imo."

"Na nani aligundua?"

"Mimi."

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Endris aliona kama wamenong'ona mwaka mzima. Mwishowe Mzee Gobeze akainua kichwa.

"Utakwenda nyumba hadi nyumba, zote za kichochoro chenu, uwaeleze wenyewe kilichotoka, uwaombe radhi. Atakayekataa kusamehe, shauri lake litarudi hapa. Na hiyo programu umalize. Lakini atakayetaka kuona unaiandika kwa kitu gani, umwonyeshe."

Toyba alizunguka. Mmoja alimfungia mlango, kisha akaufungua tena ili amtukane vizuri. Wengine walimsikiliza. Hakuna aliyelirudisha shauri kwa wazee. Na wengi walikuja kweli kuona. Walijibana karibu na meza yake, wakatazama kile kioo kitupu, wakauliza maswali, wakaondoka wakibishana. Binti wa nyumba ya kona, naye mwandika programu, alihamia kihariri hicho siku hiyo hiyo.

Programu ilipokamilika, msiba wa kwanza ulitangazwa kwa baragumu na kwa simu pamoja, na hema la waombolezaji likajaa kabla jua halijakaza.

Siku iliyofuata Mama Lubaba, muuza mkaa, alikuja peke yake. Alimpita Endris bila kumsalimu, akaurudisha mlango, akasimama karibu na meza.

"Hakitoki kitu, siyo?"

"Hakitoki, mama. Tazama mwenyewe."

Mama Lubaba akainama, akakitazama kioo.

"Kwenye nyumba yangu mmeandika watoto watatu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ni wanne. Mmoja yuko mji wa Kombolcha, nilimpata kabla sijaolewa. Sijawahi kumtaja mbele ya mtu." Akajifuta vumbi la mkaa viganjani. "Andika jina lake. Nikifa, naye aambiwe."